Uzinduzi wa Kiatu cha Mlimani, Uwanja wa Stesheni, Korogwe

Mheshimiwa Bwana Mkubwa wa Jimbo, ambaye treni yake itapita hapa wakati wowote, na ambaye atatupungia mkono dirishani akijisikia. Waheshimiwa majumbe wa milimani, majumbe wa bondeni, na majumbe wa katikati ambao bado hawajajua wako upande gani. Bwana Shamshudin mwenye duka, pamoja na kamba yake. Wageni wetu mliokuja na lori kutoka Handeni mkiwa na kiu ya maarifa na ile kiu yenu ya kawaida. Wazee, akina mama, walimu, makarani, wapishi wa makarani. Na wewe mzee uliyelala pale mbele, maana hata usingizini mtu hapotezi heshima yake: salaam aleikum, shikamooni, na hamjambo! (Makofi. Mzee anaamka, anapiga makofi, analala tena.)

Kwa wasionifahamu, na sitegemei kama wapo, mimi ni Kudra Sadala, Karani Mkuu wa Usalama katika Idara ya Miinuko, Miteremko na Mambo Yanayoporomoka, cheo ambacho Tanganyika nzima anacho mtu mmoja tu, na mtu huyo, sipendi kujisifu, lakini itabidi, ndiye huyu mnayemwona mbele yenu akiwa amevaa kofia. (Sauti: Tunaiona kofia!) Ahsante.

Ndugu wananchi, mlima wetu huu wa juu ya Kwamndolwa umesimama wima bila kibali cha ofisi yoyote. Mwezi uliopita mzee Yordani alikuwa akipalilia shambani kwake, akateleza, akateremka mfululizo mpaka juu ya paa la Mama Hosiana, ambaye alimwandalia uji, kwa hiyo upande wa huduma hatuna malalamiko. Lakini upande wa usalama, ambao ndio wangu, niliumia sana rohoni, nikapiga marufuku papo hapo jembe lolote kugusa ardhi ya mlimani mpaka vyombo vya kisasa vya sefti vitakapofika, na nikawapanga matarishi kulinda marufuku hiyo usiku na mchana. (Minong'ono. Bi Mwantumu, mkulima wa mlimani, anasimama: Bwana Karani, mvua hii hapa inatunukia puani. Tusipopanda maharage wiki hii, watoto watakula nini, marufuku?)

Swali zuri sana, mama yangu, na nimelipokea kiutaratibu. Kaa. (Hakai.) Basi simama, kusimama pia kunaruhusiwa.

Sasa niingie kwenye skimu yenyewe. Uvumbuzi wa kwanza ni Kiatu cha Mlimani. Ekspati wa idara yangu, ambaye kwa sasa ni mimi, aligundua baada ya uchunguzi mrefu barazani kwake kwamba mtu akisimama mlimani, mguu mmoja uko juu na mwingine uko chini. Kwa hiyo kiatu kimoja tumekipa soli nyembamba, na cha pili tumekipa soli nene kama tofali, ili mtu asimame wima kabisa mteremkoni, kwa heshima, kana kwamba yuko ofisini. Tarishi Mdoe, pita mbele waone! (Tarishi Mdoe anapita mbele. Uwanja ni tambarare. Anaegemea upande, anashikiliwa.) Mnaona? Huko mlimani angekuwa amenyooka! (Mwanamume mmoja: Akifika mwisho wa shamba akageuka, si ule mguu mnene utakuwa juu?) Hageuki. Anarudi kinyumenyume. (Sauti: Na mkewe akimwita kwa nyuma?) Atamjibu akifika. Tusiingize mambo ya ndoa kwenye sayansi.

Uvumbuzi wa pili ni Kamba ya Umoja. Badala ya kila mtu kuteleza peke yake, jambo la ubinafsi, siku ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, kijiji kizima kitafungwa viunoni kwa kamba moja, ili mmoja akiteleza wenzake wasiachwe na wasiwasi wa kujua ameishia wapi, kwa sababu watakuwa naye. (Sauti: Wote?) Wote! Jana tuliwafunga matarishi na kuwapandisha kwenye tuta la reli pale, na mmoja alipopiga chafya, asilimia mia moja walifika chini salama, hakuna aliyechelewa wala aliyepotea, na asilimia sitini walisema hawajapata kusafiri upesi namna ile tangu wazaliwe.

Kuhusu ujenzi, najua nyumba za mlimani zina tabia ya kuchungulia za jirani. Chini ya programu hii, nyumba itajengwa kwanza bondeni, izoee kuwa nyumba, kisha ipandishwe. (Sauti: Itapandishwa na nani?) Komiti. Na plani yetu ya muda mrefu ni kuulaza mlima wenyewe, taratibu, bila kuuamsha, na udongo utakaozidi tutawapelekea ndugu zetu wa Handeni wajijengee wa kwao. (Wageni wa Handeni wanapiga makofi kidogo. Mmoja wao: Tuleteeni maji kwanza!) Maji ni idara nyingine, ndugu yangu. Usichanganye unyevu na mwinuko.

Ndugu wananchi, kama kuna... Treni! Treni! Simameni wote! Matarishi, shikeni kamba, nyosheni shingo! Mdoe, simama wima! Basi, ulale wima! (Treni inapita kwa kasi bila kupunguza mwendo. Mapazia ya behewa la mbele yamefungwa. Moshi unafunika uwanja, watu wanakohoa.) Mmeona lile pazia lilivyotikisika? Mtu asiyeguswa rohoni hatikisi pazia namna ile!

Tuitikiane. Miteremko! (Watu bado wanakohoa.) Mnajibu, Oyee! Miteremko! (Sauti tatu: Oyee.) Kuteleza! (Sauti tatu zilezile: Oyee.) Hapana, kuteleza ni Ziiii!

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Bwana Shamshudin kwa kamba, ambayo anaitaka kabla ya adhuhuri akafungie mizigo yake ya dukani. Namshukuru Mama Justa kwa viatu, kimoja chake na kingine cha mumewe, na mume huyo anasubiri nyumbani pekupeku. Naishukuru Idara ya Miinuko, niliyoianzisha siku ileile tuliposikia kwamba Bwana Mkubwa atapita, na ambayo, kwa kuwa amekwisha pita, naifunga sasa hivi kwa mafanikio makubwa; vyombo vya sefti haviko njiani, wala havijapata kuagizwa popote, hivyo niwahakikishie kwamba havitapotea. (Kelele. Bi Mwantumu: Kwa hiyo marufuku nayo imekwisha?) La, mama, marufuku inabaki! Mradi ndio haukuwapo, marufuku ni ya kweli kabisa, anayelima nitamfunga. Na shukrani za pekee kwa matarishi wote wanaoilinda, ambao, kwa kukosa wafanyakazi wa mradi, niliwaita hapa tangu alfajiri waje kujaza uwanja, hata hakubaki mmoja huko juu!

(Kicheko upande wa akina mama. Bi Mwantumu anamwinamia jirani yake, Fatu, anamnong'oneza: Wanaume huko mlimani wameshapanda maharage mpaka kwa Mama Hosiana, limebaki shamba la Yordani tu. Mshikilie huyu karani kidogo, mwanangu. Fatu anainua mkono: Samahani, Bwana Karani, kabla hujafunga. Hicho kiatu, sisi wengine hatukukielewa hata kidogo.)

Hamkukielewa? Kaeni, kaeni wote! Hakuna tarishi kuondoka! Mdoe, vaa tena. Sasa, ndugu wananchi, mtu akisimama mlimani, mguu mmoja unakuwa juu...