Dhahabu Kwenye Oili

Jumatatu, 7 Julai
Iingie kwenye kumbukumbu za taifa: leo, hapa Nyamisangura, nimebadilisha oili ya gari. Mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi. Mke wangu Ghati ameuliza tu kwa nini nimetumia beseni lake la kufulia.

Kwenye beseni, vipande vya chuma! Vidogo kama pumba, vinang'aa kimanjano. Nikampelekea fundi Abdurahmani. Akapitisha sumaku, havikunasa. Akasema hizo ni beringi za krenki, vyuma laini vya ndani ya injini, zinalika, nisiwashe gari mpaka afungue injini.

Nisiwashe! Jumamosi nampeleka Elieth, mtoto wa dada, kufunga ndoa Busawe. Pikapu hii ilikuwa ya marehemu baba yake. Amekataa gari jipya la shemeji Heche. "Mjomba, nataka kufika kanisani na gari la baba." Nikaahidi. Tangu hapo Heche ananisalimia kwa kidole kimoja.

Jumanne, 8 Julai
Sikulala. Kitu gani ni cha manjano, kinang'aa, na hakinasi kwenye sumaku? Mtoto yeyote wa Tarime anajua jibu. Na mwezi uliopita nilibeba viroba vya mchanga wa wachimbaji dhahabu kutoka Kemambo! Vumbi limeingia kwenye injini. Abdurahmani ni mtu mwema, ila si mtu wa madini. Au anajua, ndiyo maana anataka kufungua yeye.

Jumatano, 9 Julai
Mpango: gari likitembea zaidi, linasaga dhahabu zaidi. Nimezunguka mji kutwa. Nimempeleka jirani sokoni, nikamrudisha, nikataka kumpeleka tena. Akaniuliza kama nyumbani kuna ugomvi.

Injini imeanza kugonga. Nadhani ni mabonge makubwa.

Heche akasikia, akaniita kijana kwa Kikurya. "Mura, siku hizi gari lako linatwanga mahindi?" Nikatabasamu kitajiri.

Alhamisi, 10 Julai
Nimechuja oili kwa kitambaa cha kwaya cha Ghati. Dhahabu kijiko kizima! Oili kiasi imebaki kwenye kitambaa, kiasi kwenye suruali, iliyobaki nimeirudisha. Ghati anatafuta kitambaa chake. Nimemsaidia kutafuta.

Nikavipeleka vile vipande kwa Hamim, mnunuzi wa dhahabu mjini, akavidondoshea tindikali. Vikachemka, vikatoa moshi, maji yakawa ya kijani. Akasema dhahabu haifanyi hivyo. Tindikali yake imeharibika, masikini. Vilivyobaki nimevihifadhi kwenye kopo.

Ijumaa, 11 Julai
Abdurahmani kaja mwenyewe. Amepata beringi, akianza sasa atamaliza jioni. "Mzee, usinihurumie mimi. Mhurumie bibi harusi." Nikamwambia injini hii haifunguliwi na mtu. Akaondoka akitikisa kichwa. Tamaa ni kitu kibaya.

Jumapili, 13 Julai
Watu nimewaambia mlima ndio umeua injini. Hapa niandike kweli.

Oili ilikuwa haitoshi, na nilijua. Jana, kabla ya kufika Busawe, injini ikagonga kama mgeni aliyechoka kubisha hodi, kisha ikanyamaza kabisa. Elieth akashuka na gauni lake, akaweka mkono juu ya boneti. Nikaangalia viatu vyangu.

Heche, aliyekuwa nyuma yetu, akasimama, akafungua mlango wa gari lake. Hakunitania. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Elieth akasema haondoki bila mjomba wake, kwa hiyo nikakaa kando yake, kopo langu mapajani. Akauliza lina nini. Nikasema zawadi. Akafungua.

"Mjomba, hizi si beringi? Baba alizikuta mara mbili kwenye gari hilihili."

Akacheka mpaka poda ikaharibika. Akaingia kanisani bado anacheka, na waumini wa Busawe wakasema hawajawahi kuona bibi harusi mwenye furaha vile. Heche naye akacheka, akanipa soda. Tumepatana, nadhani.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri. Mara mbili! Na sisi wengine hakutuambia!

Nakumbuka marehemu alikokuwa anamwaga ile oili: nyuma ya nyumba yao, kwenye migomba. Nimempigia dada simu, nimemwambia kesho nitakuja kumlimia pale, bure. Ameguswa sana. Jembe nimeshalinoa.