Mnong'onezaji wa Chini ya Jukwaa

Jumatatu, 7 Februari 1944

Kikundi chetu cha maigizo kinaondoka Alhamisi kuwachezea wapiganaji wenzetu wanaopambana na Wajerumani kule milimani. Kamisaa, mkuu wetu wa siasa, kasema msichana ni mmoja tu. Wa pili atarudi hospitali ya msituni kufua bendeji. Ama mimi, ama Slavka! Yeye ndiye mama katika mchezo. Mimi hukaa chini ya jukwaa, nimnong'onezee akisahau maneno. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, Kiitaliano shuleni, Kislovenia kwa padri, na zote hunikwama kooni nikitazamwa.

Slavka husahau palepale kila onyesho: ofisa wa Kijerumani anapomuuliza mwanawe kajificha wapi. Kesho sinong'oni ng'o.

Jumanne, 8 Februari

Ukumbi pomoni, bunduki magotini. Ofisa (Ndugu Drago, masharubu ya masizi) akauliza swali lake. Slavka kimya. Akanitupia jicho. Nami kimya! Nikajiona nishafika milimani.

Basi akachukua kiazi, akaanza kukimenya. Polepole. Ganda refu, halikatiki. Bibi mmoja huko nyuma akapiga kelele, ati usimwambie, mwanangu, mwache huyo mbwa abweke! Ukumbi ukalipuka. Drago alirudi nyuma kwelikweli. Na mimi kule chini, aibu gani hii, nalia. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile. Nilisahau kabisa kumchukia.

Jumatano, 9 Februari

Mkutano wa kukosoana, kama ada baada ya onyesho: kila mtu asimame ataje kosa lake. Slavka wa kwanza: alisahau, kiazi kikamwokoa. Drago akamtania, ati dada, ukisahau tena tutakuletea gunia zima. Zamu yangu. Nilitaka kusema, haki ya Mungu. Nikasema nina mafua, sauti haikutoka.

Kamisaa akakata shauri: kimya kile kibaki katika mchezo. Na kama ni kimya, mnong'onezaji wa nini?

Slavka akanikumbatia, akanivulia soksi zake za sufu, ati mdogo wangu, huko mtoni maji ni barafu. Mtu huyu hata kuchukiwa hajui!

Jumapili, 13 Februari

Vidole vimevimba. Majeruhi wa hapa hospitalini nao wanataka mchezo, na nafasi ya mama kapewa Francka mpishi. Leo kajaribu, jamaa aliyekatwa mguu nusura ainuke ampigie makofi. Francka ana kipaji, sikatai.

Nimemchagulia kiti cha kukalia jukwaani. Mguu mmoja wa kiti umeoza. Akianguka, nani mwingine anayajua maneno yote? Safari hii mpango hauna tundu.