Mama Mkwe Hapandi Tela

Jumatatu, 3 Aprili 1995

Mama mkwe amefariki hospitalini. Kikao cha familia kikapanga shemeji Gosbert ampeleke kijijini kwao Mbingu kwa trekta, tuzike keshokutwa. Gosbert tena! Nikasimama. Nikasema mimi nikiwa hai, mama mkwe hapandi tela la mpunga. Atapanda pikapu yangu. Wazee wakanishukuru. Mke wangu Agnella akanitazama tu. Anajua pikapu haijawaka yenyewe tangu masika yaanze. Kila asubuhi betri imekufa.

Jumanne, 4 Aprili

Nimesugua vichwa vya betri kwa msasa. Nimekaza mkanda wa alteneta. Tukaisukuma, ikawaka! Nikazima, nikanywa chai, nikarudi. Kimya. Basi, kosa ni betri. Nimeazima ya mashine ya kukoboa. Antoni, fundi umeme, akasema kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limezimwa, nichomoe waya mmoja mmoja nikitafute. Nikamwambia nina msiba, sina nafasi. Agnella akauliza taratibu kama si ile honi ya muziki niliyoifunga mwenyewe Krismasi. Nimemsamehe. Ana majonzi.

Jumatano, 5 Aprili

Betri ya kuazima nayo imekufa. Lakini nina akili! Injini ya dizeli ikishawaka haihitaji betri. Tutasukuma mara moja, sizimi mpaka makaburini. Wafiwa wakasukuma, kanga zikajaa tope. Ikanguruma. Jeneza likapakiwa.

Nje ya mji mvua ikaanza. Na honi ikaanza. Yenyewe! Wimbo wote, tena na tena. Watu wa kando ya barabara wakadhani ni harusi, wakapiga vigelegele. Agnella, pembeni yangu, akajifunika uso. Nikapiga dashibodi ngumi. Moshi. Nikavuta waya, nikaungua vidole. Honi ikanyamaza, waipa za kioo nazo zikasimama. Sikuona kitu tena. Tukaishia kwenye mtaro, magurudumu mawili kwenye majaruba ya mpunga.

Gosbert alikuwa nyuma yetu na trekta. Wakahamisha jeneza, akalifunika kwa turubai lake, yeye akalowa. Agnella akapanda tela. Nikamwita. Akasema, "Niache nimzike mama yangu."

Nilifika kwa miguu. Walishafukia. Nikatupa tope langu juu ya udongo, peke yangu.

Jumamosi, 8 Aprili

Agnella hajarudi. Amebaki Mbingu kwa ndugu zake. Nyumba imepoa. Nimekula ugali wa jana.

Pikapu ilivutwa jana. Antoni ameiona: waya wa honi umechubuka, unagusa bodi, ukilowa umeme unavuja. Ameung'oa wote, akaunga nyaya za waipa. Akasema nisiguse kitu kingine.

Leo asubuhi imewaka yenyewe. Mara ya kwanza! Nimekaa ndani nikisikiliza injini, nikitamani mtu wa kumwambia.

Kisha nikafikiri. Betri nzima namna hii, kuiacha bila kazi ni dhambi. Nimeanza kufunga taa mbili kubwa juu ya kabini, mwenyewe. Nikienda kumchukua Agnella, ataniona kutoka mbali.