Matairi ya Bibi Harusi

Jumanne, 9 Juni

Matairi mapya manne yamefika na boti kutoka Kigoma. Zawadi ya mjomba wa mke wangu, Raihana. Nimeyatoa bandarini Bujumbura mwenyewe, maana mi ni déclarant, kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu, na leo kwa mara ya kwanza mzigo ulikuwa wangu. Yameshafungwa kwenye gari langu, Carina. Carina inasimama kama mtoto mwenye viatu vya Idi.

Raihana ameweka sharti. Matairi haya ni ya Houda, mdogo wake, anayeolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Siku moja kabla atayakagua mwenyewe. Yakiwa mazima, bibi harusi atapanda Carina. Yakiwa na kasoro, atapanda Mark II ya kaka yao Rachidi, na mi nitabeba masufuria. Nimekubali haraka haraka. Houda amekaa kwetu miaka sita. Kila asubuhi nilimpeleka shule kwa gari hili, na nataka mimi huyu nimpeleke kwa mumewe. Nikikosa nitalia. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma hapa.

Jioni shemeji Rachidi amepita na habari. Jumapili wapenzi wa magari wamepewa uwanja wa lami nje ya mji, penye maghala yaliyofungwa. Kila mtu anakuja na gari lake la nyumbani, anazunguka, anapimwa kwa saa. Zawadi hakuna. Amesema Carina yangu nayo ije, inaweza kuuza brochettes, mishikaki ya watazamaji.

Nimejiandikisha.

Alhamisi, 11 Juni

Mpango wa kwanza: nizunguke na matairi ya zamani, mapya yapumzike. Mpango wa mtu mwenye akili timamu. Nimekwenda bandarini kuyadai kwa Ilyasi, fundi wa boti. Juzi nilimpa ayafunge ubavuni mwa boti, isigonge ukuta wa gati. Boti imeondoka jana. Matairi yangu yako Kigoma, yatarudi Alhamisi ijayo.

Mpango wa pili ni wa sayansi. Nimesoma kwenye simu mpaka chaji imekata. Wataalamu wanasema tairi likizungushwa kwa kasi hupata moto na upepo ndani yake huongezeka. Kwa hiyo punguza upepo kabla, zunguka mara chache, kisha nenda polepole lipoe. Maneno mengi. Mi nimewaza hivi: tairi lililojaa sana linagusa lami kidogo. Likigusa kidogo, linalika kidogo. Nashangaa hakuna aliyeliona hilo. Nimejaza upepo mpaka mwenye pampu akarudi nyuma hatua tatu.

Jumapili, 14 Juni

Nimemwambia Raihana naenda kuangalia kontena la sabuni.

Kona zote za uwanja ni za kulia. Carina iliteleza kama ile sabuni yenyewe. Mzunguko wa nne, Dévote, dada anayeshika bendera na saa, aliniita pembeni. Alisema gari linalia, papa, toa upepo kidogo, halafu zunguka pole. Nilimshukuru, nikaendelea. Rachidi alikuwa akizunguka mara tatu kwa kasi, mara moja taratibu, kisha anashuka anagusa matairi kwa kiganja kama daktari. Uoga mtupu. Mimi nimepiga mizunguko kumi na tisa bila kupumzika, na katika ule wa kumi na saba nimemshinda Rachidi kwa sekunde moja kamili. Dévote ameandika. Nimemwomba aandike tena kwa herufi kubwa.

Kisha nimeshuka kwenye gari. Matairi mawili ya kushoto yamebaki upara upande wa nje. La mbele, nyuzi zinachungulia. Ya kulia ni kama yalivyotoka Kigoma. Nimemfikiria Houda ndani ya Mark II, nikakaa palepale kwenye lami. Rachidi ameona, amenipa maji. Anafurahi moyoni, namjua.

Jumatatu, 15 Juni

Carina nimeiegesha ubavu wa kushoto ukutani. Ukuta umekwaruza mlango. Si kitu.

Mpango wa tatu. Wataalamu wanasema matairi yalike sawasawa. Ya kushoto yameliwa na kona za kulia. Basi ya kulia yaliwe na kona za kushoto, yote yafanane, Raihana adhani ndivyo yalivyotoka kiwandani. Na kona za kushoto ziko bure mjini: rond-point, ule mzunguko wa njia panda. Sisi tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo rond-point ni kona moja ya kushoto isiyokwisha.

Nimezunguka mara thelathini na moja, peke yangu, kwa mafuta niliyoyapangia foleni siku mbili. Polisi amenisimamisha. Hapa kwetu anayezunguka rond-point hivyo ni msafara wa harusi, na honi zake, na mpiga video anayening'inia dirishani. Amechungulia kiti cha nyuma. Ameuliza bibi harusi yuko wapi. Nimesema anakuja Jumamosi. Amefikiri kidogo, akasema basi mzee umewahi, akanipa mkono wa pongezi.

Matairi ya kulia yameanza kulika. Ya kushoto nayo yamezidi kulika. Hilo sikulitegemea.

Alhamisi, 18 Juni

Boti imerudi! Matairi yangu ya zamani yananing'inia ubavuni, na meno yake yapo. Sikumbuki kwa nini niliyaita mabovu. Ilyasi amesema apana, kapiteni atamuuliza. Nimembembeleza mpaka tumebadilishana, manne kwa manne. Jioni boti imeondoka na matairi ya mjomba. Haya yangu nimeyasugua rangi ya boti itoke, nikayapaka rangi ya viatu makopo mawili. Yamekuwa meusi kuliko mapya.

Ijumaa, 19 Juni

Raihana amekagua. Amepitisha ukucha kwenye meno, akaridhika. Ameinuka. Ameinama tena. Amenusa.

Boti ile hubeba ndagala, dagaa wa ziwani. Wiki nzima matairi yamekunywa maji ya ndagala, na jua la leo limeyaamsha. Paka watatu wa jirani walikuwa wamekaa mbele ya gurudumu la nyuma, wanangoja.

Hakupaza sauti. Amesema hajui nimefanya nini na hataki kujua kabla ya harusi, ila mdogo wake haendi kwa mumewe akinuka soko. Mark II. Nimeingia ndani ya gari, nimefunga vioo, nimelia.

Jumamosi, 20 Juni

Nimepewa masufuria pamoja na shangazi wawili waliojiziba pua kwa mitandio. Msafara umeingia rond-point, Mark II mbele, mimi wa mwisho. Mzunguko wa pili Rachidi amesimama pembeni, amefungua boneti, ametangaza kwamba injini imechemka. Mvuke sikuuona. Ameweka kiganja juu ya rejeta muda mrefu na hakuungua, ana mikono migumu yule. Amesema hakuna namna, Houda apande Carina.

Houda alikuwa ameshashuka, gauni mkononi, anakimbia huku anacheka. Shangazi na masufuria wakahamia kwa Rachidi. Polisi alikuwa yuleyule. Alichungulia kiti cha nyuma, akapiga saluti. Houda akasema zunguka tena, shemeji, nami nikazunguka mara saba. Amesema gari linanuka kama asubuhi za shule, maana siku zote nilipitia bandarini kwanza. Nimelia mbele ya mpiga video. Sijawahi kufurahi hivi.

Ila Mark II, jamani. Kupapasa matairi kote kule, halafu injini inachemkia kwenye mwendo wa harusi. Maskini Rachidi, gari halijui.

Jumapili, 21 Juni

Mjomba amepiga simu. Alikuwa bandari ya Kigoma akaona boti inaingia, na ubavuni matairi aliyoyachagua kwa mkono wake, mawili nyuzi nje. Ameuliza kama huko Bujumbura matairi ya gari hufungwa kwenye boti.

Nimemweleza Raihana yote. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua ufunguo wa gari na kuutia kwenye sidiria.

Ufunguo wa pili uko ndani ya kiatu changu. Dévote ametuma ujumbe: mwezi ujao tunazunguka upande wa pili, kona zote za kushoto. Nimejiandikisha wa kwanza. Na sasa nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Upepo ulikuwa mdogo.