Mvula ya Papa Alphonse

Habari ililetwa na Caleb, ule banaitaka Mégas juu anauzishaka mégas ya internet ya téléphone. Alisema ku Bulaya basavant, benye elimu, banapima bamashini zenye kucheza échecs, ile sataranji. Habapime tena kama mashini inajua kula, juu kula hata mbuzi inajua. Banaipa position, ni kusema vile vipande biko ku ubao, fasi hakuna kitu ya kula, banaangaria kama itajua kupanga bintu yake muzuri na kungojea.

Papa Alphonse, pensionné mwenye aliendeshaka train, banamuita Machiniste, roho ilimuruka. Miaka ine sasa alikuwa anaikala ku casier ya bière, ile sanduku ya chupa. Pale kwa Mama Victorine, mwenye kuuzisha munkoyo, kinywaji ya mahindi, ku mtaa wa Katuba, kuko kiti moja tu yenye mikono, na ni ya mwenye kushinda échecs. Sheria ya pale ni moja: mwenye kusimama wa kwanza, alipoteza. Nyumba yako ichomeke, simama, lakini kiti umeiacha.

Siku moja ya mwezi wa pili, mbele mchezo uishe, Papa Alphonse aliona mawingu, akasimama kukimbilia mihogo yenye bibi yake Constance alianika juu ya mabati. Chishimba, déclarant wa douane, mwenye kupitisha bintu ku mupaka, banaita Tampon, aliingia mu kiti, na tangu siku ile hajatoka. Papa Alphonse alichora position nyuma ya karatasi ya misa, anaitembeza mu portefeuille sawa kitambulisho. Katuba muzima inajua wimbo yake: position ilikuwa yangu, ni mvula tu.

Basi, mu hii mwezi wa saba, wakati ya kiangazi, mvula hainyeshe, vumbi mu macho na baridi mu magoti, alitoa karatasi na kusema tupime mashini. Chishimba alicheka mpaka munkoyo ilimutoka mu pua. Mashini, alisema, iko sawa mugeni wa kilio, inaangaria tu sahani.

Caleb alikuwa na bamashini mbili mu téléphone. Ya kwanza ilijibu mbio: reine, ule malkia, ikule pion, ule askari mudogo. Papa Alphonse alikasirika kabisa. «Ile ni mulafi, haina wazazi. Lete ingine.» Chishimba yeye aliona mashini ile iko na akili mingi.

Ya pili ilifikiri mpaka téléphone ikawa moto, Mama Victorine akaiomba apashe mikono. Kisha ilisema: pion ya pembeni, hatua moja. Hakuna kula, hakuna kelele. Na ikaandika kwamba beupe, ni kusema Papa Alphonse, iko mbele mbali sana.

Papa Alphonse alipeana mukono na kila muntu, hata na mwenye baiskeli ya makala ya jiko, maskini, alikuwa anapita tu. Machozi ilikuwa karibu.

«Miaka ine,» alisema. «Miaka ine munasema nilikimbia.»

Aliomba kiti. Chishimba hakutikisika.

«Mashini ilisema position, mukubwa. Kiti ni ya mwenye kushinda. Tumalizie. Caleb, zima téléphone.»

Balipanga vipande sawa vile karatasi inasema, na kifuniko ya bière fasi ya cavalier, ule farasi, yenye ilipotea. Papa Alphonse alisukuma pion yake ya pembeni, hatua moja, na kidole moja, na heshima. Chishimba alikunywa kidogo, alisogeza kipande yake ya tour. Pale njo Papa Alphonse aliona kwamba mashini ilimupa hatua moja tu, na hatua ile imeisha.

Aliangaria ubao. Woga ulimurudilia, ule ule wa mwezi wa pili, mbele ya position ile ile. Alikuwa ameusahau. Miaka ine alisimulia mvula vizuri mpaka yeye mwenyewe aliiamini. Caleb aliuliza sasa tunafanya nini, Machiniste. Mama Victorine aliacha kukoroga.

Polepole, Papa Alphonse aliinua macho. Mbingu ilikuwa ya bluu, safi, hakuna wingu hata ya kufunika kifungo ya shati.

«Constance alianika mihogo,» alisema. Na alisimama. «Naona mvula inakuya.»

«Papa Alphonse,» Mama Victorine alisema, na huruma kweli, «tuko mwezi wa saba.»

Lakini alikuwa amevuka barabara, kofia mu mukono, anatembea haraka sawa muntu mwenye analowana.

Kesho yake alirudi, alisalimia bote, aliikala ku casier yake. Mu portefeuille mulikuwa karatasi mupya. Position hii, Papa Alphonse alimuelezea Caleb, iko muzuri kupita ile ya kwanza, na mashini yenyewe iko shahidi.