Marehemu wa Karakana

Kijiwe chao kilikuwa karakana ya Fundi Randa, mseremala, maana penye viti vya kukalia bure hapakosi watu, japo viti vyenyewe vinangoja wateja wake. Asubuhi hiyo Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki, aliingia na habari moto: ofisi ya mtaa imetangaza kwamba njia mpya ya lami itapewa jina la shujaa wa hapahapa, na wakazi wapeleke jina kabla ya mkutano wa jioni.

Randa akaacha kazi. Yeye si ndiye aliyeingia mtaroni wakati wa mafuriko akamtoa mtoto wa jirani? Tangu njia ile ianze kuchimbwa alikuwa akiliona jina lake kwenye kibao, herufi nyeupe, watu wakielekezana kwalo.

Ushujaa ukajadiliwa mpaka chai ikapoa. Redio alisema shujaa ni mtu asiyeogopa. Sajenti, aliyestaafu jeshini akiwa mpishi, akasema asiyeogopa ni punguani tu. Shujaa huogopa, na bado akaenda. Kinyozi naye akadai shujaa ni yule asiyejitangaza, na wote wakamgeukia Randa, kwani mtaro ule walikwisha kuhadithiwa mpaka wanajua kina chake.

“Na wapo wanaosema uliteleza,” Kinyozi akaongeza, “mtoto ukamkuta humohumo.”

“Niliteleza nikienda kumwokoa.”

Sajenti akapigilia msumari: barabara haipewi jina la mtu aliye hai, kwa sababu aliye hai anaweza kuwaaibisha kesho asubuhi.

Randa akanywea. Redio, kwa huruma, akashauri basi wazisome sifa zake kwa majaribio, kama zitakavyosomwa siku ikifika, angalau mwenyewe azisikie. Kifo hakifanyiwi mazoezi. Kila aliyelelewa na mama mcha Mungu analijua hilo. Lakini sifa ni tamu. Randa akajilaza juu ya meza yake ya kazi, mikono kifuani, akafumba macho. Wenzake wakavua kofia, Sajenti akaanza kwa sauti ya gwaride: “Marehemu alikuwa simba.”

Muuza mkaa alikuwa anapita. Akamwona Randa kalala chali, uso umejaa vumbi la mbao, wanaume vichwa wazi. Akasikia na hilo neno marehemu. Hakuuliza la pili. Alibwaga gunia akatimua mbio, na punde si punde kilio kikazuka upande wa nyumbani kwa Randa.

Sauti ya mkewe ilipokaribia, mashujaa wote wakatokomea kwa mlango wa nyuma. Kinyozi aliacha kiatu kimoja. Randa naye alitaka kuamka, ila akasikia anatajwa, akasita.

Mkewe akaingia, mikono ina unga, akamwangukia kifuani. Majirani wakajaa mlangoni.

“Mume wangu, nani atanifulia nikiugua, kama ulivyofua wewe, ukaanika chumbani ili wenzio wasikucheke?”

Hilo Randa hakuwahi kulitaja kijiweni hata siku moja. Nje wanawake waliitikia kwa kwikwi. Sasa aliona haya kwelikweli, akataka kuinuka. Lakini moyo ukamwambia, subiri, jambo moja tu zaidi.

“Nani atanivumilia nikivimba kwa hasira? Nani atapanda juu ya kiti akiona mende, mpaka nije nimuue mimi?”

Kilio cha mlangoni kikakatika. Mtu mmoja akacheka, kisha akajikoholesha.

“Mke wangu,” marehemu akasema, macho kayafumba bado, “hilo la mende ungeliacha.”

Mkewe akaruka nyuma. Akamsogelea tena polepole, akamgusa shingo, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akavua ndara. Ikampata begani, akamkumbatia, ikampata tena.

“Inuka. Wazee wamekwisha kukaa uani. Ndugu zako wamepigiwa simu, na wa mbali wako njiani wanalia. Utawaeleza wewe.”

Randa akatazama mlango wa nyuma. Hapakuwa na mtu.

“Peke yangu?”

“Kila siku unanihadithia ushujaa wako mpaka nasinzia,” mkewe akasema, akimpangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. “Haya, tangulia.”