Njahi ya Monicah

Jumapili, 19 Desemba 1971
Krismasi ni Jumamosi. Monicah anakuja kula kwangu hapa Ruring'u. Anakuja na kaka yake mkubwa, Theuri, kutoka Tetu. Theuri ndiye anasema Monicah aolewe tena na nani. Akifurahi, naoa. Akikataa, nakaa hivi niko: mvunja kokoto, miaka nne bila bibi, soksi zote tundu.

Shida ni moja. Monicah ako na presha. Sista Tryphosa wa dispensari amemkataza nyama, mafuta, chumvi na sukari. Nilimuuliza Tryphosa sasa mtu anakula nini Krismasi. Akasema Dishon acha kulia, toa moja weka ingine mahali yake. Ni mtu wa kwetu Maragoli. Anaongea na mimi kama dada mkubwa na nimemzidi miaka kumi.

Jumatatu, 20 Desemba
Wamae amesikia. Huyu ni jirani. Kila Krismasi anachoma mbuzi hapa kwa nyumba za wafanyakazi, na kila Krismasi Monicah anasimama karibu na moto yake. Leo alisimama kwa mlango yangu akasema ati Mluhya anapika sikukuu bila kuku, basi dunia imebakisha siku chache. Nikaendelea kupuliza moto. Nilikuwa na moshi kwa macho.

Nimejaribu chapati. Mahali ya mafuta nimeweka malenge ya kuponda. Ya kwanza ilishika kwa karai mpaka nikatumia patasi. Ya pili ilitoka. Nikapeleka kazini. Msimamizi akaigeuza, akauliza hii ni ya kiatu ya kushoto ama ya kulia. Nikala peke yangu. Ilimaliza saa yote ya chakula.

Jumanne, 21 Desemba
Mukimo. Watu wa hapa wanaponda viazi, mahindi na majani ya malenge, halafu mafuta ya mkebe. Mimi nikaweka avokado, nikapika pamoja. Avokado ikipikwa inakuwa chungu kama dawa ya malaria. Nikapatia mbwa ya Wamae. Ikanusa, ikarudi kwao. Hata mbwa iko upande yake.

Nimerudia. Avokado mwisho, baridi, juu. Mahali ya chumvi, dhania na ndimu. Nimekula sahani mbili. Hakuna mtu nimeambia.

Alhamisi, 23 Desemba
Sokoni. Mahali ya nyama lazima maharagwe, lakini si hii nyekundu tunakula kazini wiki nzima. Nataka ya heshima. Nimeenda kwa Watiri, mama mzee wa nafaka, anakaa nyuma yetu. Nikasema nataka kitu ya kurudishia mama damu na nguvu. Akaniangalia sana. Akauliza mama mwenyewe ako wapi. Nikasema bado ako kwao, kaka yake anamleta Jumamosi. Akauliza ako salama. Nikasema salama kabisa.

Akanishika mkono. Akanipimia njahi, maharagwe ile nyeusi iko na mstari mweupe, akaongeza mkono mzima bure. Watiri haongezangi mtu. Nikajua nimechagua vizuri.

Njahi ni ghali. Nimepata ya sahani moja tu. Sasa mpango ni huu: ni ya Monicah peke yake. Wengine mukimo na chapati. Theuri ataona vile naheshimu dada yake.

Ijumaa, 24 Desemba
Njahi iko motoni. Wamae alikuja kuomba kisu, akachungulia sufuria. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya Monicah. Akauliza, Monicah huyu? Nikasema huyu. Akaenda, akasahau kisu.

Ameogopa.

Jumamosi, 25 Desemba
Watu kama ishirini hapa nje ya nyumba za wafanyakazi, wengi wamefuata mbuzi ya Wamae. Theuri koti nyeusi, kofia kwa goti. Amekula mukimo, akaongezwa. Akauliza ni nani alipika. Akasema mwanaume akijua jikoni namna hii, dada yake hatalala njaa. Hapo nilikuwa nimeshaoa.

Halafu nikaleta sahani. Njahi imepondwa na ndizi mbivu, hakuna mafuta hata tone. Nikapita watu wote nikaweka mbele ya Monicah. Nikasema kwa sauti, kula mama, urudishe damu.

Halafu Watiri akasimama, akapiga kigelegele mara tano. Wamama wengine wakafuata.

Sikujua. Kwetu ukiheshimu mtu unachinja kuku, maneno imeisha. Wamae ndiye alinieleza, pole pole, akitafuna mbavu. Hapa mwanamke mmoja akiletewa njahi yake peke yake na mwanaume, amezaa. Vigelegele tano, amezaa kijana.

Monicah ako na miaka arobaini na moja. Anaimba kwaya.

Theuri akamuuliza mtoto ako wapi. Monicah akasema hakuna mtoto. Theuri akaangalia tumbo, akavaa kofia. Mama mmoja akasema labda bado, labda Waluhya wanalisha mapema.

Monicah hakugusa. Nimekula mimi. Ilikuwa tamu.

Jumapili, 26 Desemba
Theuri amerudi asubuhi, peke yake. Hakunipiga. Amesema chakula yangu haina makosa, makosa ni midomo ya watu. Nisionekane na Monicah mpaka mwezi wa sita, watu waone tumbo inakaa vile iko. Ikifika hapo bila mtoto na bila maneno mpya, niende Tetu tuongee kama wanaume. Maneno mpya ikitokea, kuna mtu mwingine amemuulizia. Hakutaja jina. Wamae alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Wamae hafagiangi.

Ni kazi rahisi. Kunyamaza tu.

Jumatatu, 27 Desemba
Nimekutana na Watiri. Nimemweleza hakuna mtoto. Akasema ndiyo, ndiyo, mwanzoni watu husema hivyo. Akauliza kama Monicah anakula. Nikasema nimesikia amekataa kula, ako na hasira. Akasema basi apelekewe uji ya wimbi, kibuyu nzima, na apeleke mwanaume mwenyewe. Hakuna kitu inashinda hiyo. Yeye mwenyewe amepelekewa mara saba, na watoto wote saba wako hai.

Nimefikiria. Haina nyama. Haina mafuta. Mahali ya sukari naweka asali, hiyo ni akili yangu. Tryphosa hawezi kukataa. Na Theuri alisema nisionekane na Monicah. Hakusema kitu juu ya uji. Naweka kwa mlango, napiga hodi, naenda zangu.

Kibuyu ni kubwa, haifichiki kwa koti. Nitabeba kwa bega. Kesho mchana, nipitie kanisani wakati ya kwaya. Njia ile haina matope.